Lillian Wald na Florence Kelley: muuguzi na mkaguzi

Wald alikuwa muuguzi. Mwaka 1893 alihamia mtaa wa wahamiaji maskini jijini New York, akawa anapanda ngazi za majengo yao kuwahudumia wagonjwa nyumbani. Aliyeweza alilipa kidogo, asiyeweza hakudaiwa. Mwaka 1902 alimtoa mmoja wa wauguzi aliofanya nao kazi, Lina Rogers, akahudumu shuleni, maana watoto wenye maradhi madogo ya ngozi na macho walikuwa wakirudishwa nyumbani na kukosa masomo.

Kelley hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwaka uleule wa 1893 aliteuliwa mkaguzi mkuu wa viwanda katika jimbo la Illinois, Marekani, kusimamia sheria iliyokataza viwanda kuajiri watoto wa chini ya miaka 14. Alipoona kesi zake dhidi ya wenye viwanda hazishughulikiwi, alisomea sheria mwenyewe, akahitimu 1895. Kwa maoni yangu, huyu ndiye aliyewakosesha usingizi wenye viwanda.

Ajabu ni kwamba tangu 1899 Kelley aliishi kwa Wald, katika mtaa wa Henry Street, New York. Wote wawili walidai serikali iwe na ofisi ya watoto, ikaundwa 1912. Sheria ya taifa zima iliyobana ajira ya watoto ilipitishwa 1938. Wald aliiona, Kelley alikuwa amefariki 1932.