TAHADHARI: "Filta za nebula" zinazouzwa mitandaoni nyingi ni vioo vya rangi tu

Wapiga picha wa anga la usiku, kuweni macho. Kuna wauzaji wanaotangaza filta ya kufunga mbele ya lenzi, saizi ya milimita 52 hadi 82, wanaiita "H-alfa", na tangazo wamelipamba kwa picha ya Nebula ya Orion (nebula ni wingu la gesi na vumbi angani) iliyopigwa na darubini ya Hubble. Mzigo ukifika, ni kioo chekundu cha kawaida, cha aina iliyotumika zamani kwenye filamu za nyeusi na nyeupe.

H-alfa ya kweli hupitisha ukanda mwembamba sana wa mwanga, upana wa kama nanomita 3 hadi 12 (nanomita hupima urefu wa wimbi, unaoamua rangi ya mwanga), katikati yake ikiwa 656.3, ambako haidrojeni hung'aa. Kioo chekundu huachia karibu kila kitu kuanzia kama 600 kwenda juu. Mwanga wa mji unapita, nebula inabaki imezama humo humo, na wewe umepoteza tu buluu na kijani.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie video akiiinamisha filta chini ya taa. Filta halisi imepakwa tabaka nyembamba: inaakisi kama kioo cha kujitazamia. Ya rangi haing'ai hivyo, ni nyekundu tupu kila upande. Muulize pia upana wa ukanda kwa nanomita. Akijibu "inafaa kamera zote", achana naye.

Ikishafika, chukua CD na balbu ya zamani ya waya, si LED. Weka filta mbele ya balbu, tazama upinde wa rangi kwenye CD. Halisi itaacha mstari mmoja mwembamba mwekundu. Ya bandia itaacha utepe mpana unaoanzia kwenye rangi ya chungwa. Kipimo hiki hiki kinafichua zile za "kuondoa mwanga wa mji": kioo cha didimiamu, yaani kioo kilichochanganywa madini yanayomeza mwanga wa njano, huacha pengo jeusi kwenye njano, karibu na 589, penye mwanga wa taa za sodiamu. Kioo kilichotiwa buluu hakina pengo. Na hata didimiamu halisi haifui dafu mbele ya taa nyeupe za LED, maana mwanga wake umetapakaa rangi zote. Anayeahidi kufuta taa zote za mji anakudanganya.

Tusiwaonee wauzaji wa kweli, lakini. Kamera isiyofanyiwa marekebisho huzuia sehemu kubwa ya 656 kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo hata filta nzuri itatoa picha hafifu. Kwenye lenzi pana sana miale ya pembeni huingia kwa mshazari, ukanda unasogea kuelekea buluu na kona zinapoteza nebula. Kilimia nacho usikipige kwa H-alfa: ule ukungu wake ni mwanga wa buluu wa nyota unaoakisiwa na vumbi.

Jambo la hatari kuliko yote: baadhi ya wauzaji wa bandia wanasema kioo chekundu hicho hicho kinafaa kwa jua. MSITHUBUTU. Kinapitisha infraredi, mwanga wa joto usioonekana, na jicho linaungua bila kuuma. Hata ND1000, filta ya kijivu ya kupunguza mwanga kwenye kamera, haifai kutazamia jua, kwani hupitisha 1/1,000, ilhali filta ya jua ya kutazamia hupitisha kama 1/100,000. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, kwetu Afrika Mashariki kwa sehemu, na matangazo ya namna hii yataongezeka.

Lipa baada ya kukagua, na upige picha ya tangazo mapema, kabla halijafutwa.