ESP32-C3 SuperMini: bodi ya ukubwa wa stempu, antena ya kubahatisha

Milimita 22.5 kwa 18. Bodi nzima, kompyuta ndogo ya kudhibiti vifaa, pamoja na tundu lake la USB-C na vitufe vyake viwili, inakaa juu ya kidole gumba. Ndani mna chipu ya ESP32-C3 ya kampuni ya Espressif: kiini kimoja cha aina ya RISC-V cha megahezi 160, SRAM (kumbukumbu ya kazi) ya kilobaiti 400, flashi (hifadhi ya programu) ya megabaiti 4, waifai na Bluetooth 5 LE. Kwa kazi za nyumbani nguvu hiyo inatosha na kubaki. Kasoro yake kubwa iko kwenye antena.

Mombasa hakuna mtihani mzuri wa bodi kama hii kuliko tangi la maji juu ya paa. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na mtu anataka kujua yamebaki kiasi gani bila kupanda ngazi. Chukua SuperMini, sensa ya JSN-SR04T inayopima umbali kwa sauti na ambayo uso wake hauingii maji, rezista ya kilo-omu 1 na nyingine ya 2, kapasita ya maikrofaradi 470 na chaja ya simu ya volti 5. Sensa ya kawaida ya HC-SR04 iache dukani. Imeachwa wazi mbele, na mvuke wa tangi utaila mapema.

Sensa hula volti 5, lakini pini za bodi zinavumilia 3.3 tu. Kwa hiyo waya wa ECHO, unaoleta jibu la sensa, upite kwenye rezista ya kilo-omu 1 kabla ya kufika kwenye pini, na ile ya 2 itoke kwenye pini hiyo hadi G (pini ya hasi). Hapo 5 inashuka kuwa 3.3 na kidogo. Ukiruka hatua hii bodi itafanya kazi siku ya kwanza, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. TRIG, waya unaoiamuru sensa ipime, hauhitaji rezista. Upe mshtuo wa maikrosekunde 20 badala ya 10 uliozoeleka. Sensa hii haioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hadi 25, basi ifunge juu ya mstari wa maji yakijaa kwa umbali huo, la sivyo tangi likifurika itakusomea namba za ajabu.

Pini za kutumia ni 5 na 6. Kaa mbali na 2, 8 na 9, kwa sababu chipu huzisoma inapowaka kabla ya programu yako kuanza. Kwa mfano, rilei (swichi ya umeme) ya pampu ikiivuta 9 chini wakati huo, bodi inadhani umebonyeza BOOT, inasubiri programu mpya na kukaa kimya. Mtu hubadilisha chaja, hubadilisha waya, kumbe kosa ni pini. Taa ya buluu nayo iko kwenye 8, na huwaka pini ikiwa chini, kinyume na unavyotarajia. Kwa vipimo vya analogi shika 0 hadi 4.

Kupakia programu ya kwanza: shikilia BOOT, bonyeza RST na uiachie, kisha achia BOOT. Kwenye Arduino, programu ya kompyuta ya kuandikia msimbo, chagua ESP32C3 Dev Module na uweke USB CDC On Boot iwe Enabled. Ukisahau, programu itaingia lakini dirisha la Serial litabaki tupu. Kompyuta isipoiona bodi kabisa, shuku kebo kwanza. Kebo nyingi za chaja hazina nyaya za data.

Sasa antena. Jina SuperMini linatumiwa na watengenezaji wengi, na kwenye baadhi ya bodi kipande cha antena ya kauri kimebanwa na kristali, kijisanduku cha chuma kinachoipa chipu mapigo ya saa. Bodi hizo huiona ruta lakini hukataa kuungana, au huungana na kukatika. Dawa ya haraka inashangaza: punguza nguvu. Baada ya WiFi.begin andika WiFi.setTxPower(WIFI_POWER_8_5dBm), na mara nyingi hushika. Kisha soma WiFi.RSSI(), nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye bodi kwa dBm. Ikiwa -67 au juu yake, lala usingizi. Ikishuka chini ya -80, tarajia kukatika. Mwenye mkono mwepesi wa lehemu anaweza kuchomea waya wa milimita 31, robo ya wimbi la gigahezi 2.4, kwenye antena hiyo, na tofauti huonekana.

Lakini nyumba nazo si sawa. Kuta nene za matumbawe na chokaa za Mji wa Kale hunywa mawimbi, na ruta iliyo chini sebuleni inaweza isifike juu hata bodi ikiwa nzima. Maji vilevile: usiiweke bodi upande ambao tangi lililojaa linakaa kati yake na ruta, wala usiigandamize kwenye bati. Na ruta iwe inatoa gigahezi 2.4, ya 5 bodi hii haiioni. Mahali pa namna hiyo XIAO ESP32C3 ya Seeed Studio ni chaguo bora kuliko kuhangaika na waya, kwani huja na antena ya nje, na ina sehemu ya kuchaji betri ya lithiamu, jambo ambalo SuperMini haina.

Kuhusu betri, matumaini yasizidi. Chipu ikilala usingizi mzito hutumia takriban maikroampea 5, lakini taa nyekundu ya umeme kwenye bodi haizimiki hadi uing'oe. Pini zinazoweza kuiamsha ni 0 hadi 5 tu. Kwa tangi, chaja inatosha. Ile kapasita ifunge kati ya 5V na G, maana waifai ikianza kurusha umeme hushuka ghafla juu ya waya mrefu, na bodi hujiwasha upya kila mara. Usiunganishe chaja na USB ya kompyuta kwa pamoja.

Ukiagiza, agiza mbili na uangalie antena kwenye picha kwanza. Pini huja pembeni bila kuchomewa, za kuchomea mwenyewe. Kabla ya kufunga kasha paka bodi vanishi au rangi ya kucha isiyo na rangi, ukiacha antena, vitufe na tundu la USB, na tundu la nyaya litazame chini. Hewa ya chumvi ya Nyali au Likoni hugeuza shaba kuwa kijani hata mvua isiponyesha.