Mama Ngina, Mombasa: nyota nne kama mahali pa kustaajabu

Anayetaka upepo na mihogo ya kukaanga hahitaji kuelekezwa Lighthouse, upande mmoja wa ufuo huu. Sisi tunapima ufuo wa Mama Ngina kwa jambo jingine: je, unaweza kumtoa mtu "Subhanallah" kabla hajajua kwamba ametamka, na je, hilo linaongeza chochote katika furaha yake? Tumeupa nyota nne kati ya tano. Ya tano inapotea kwa sababu wengi huenda saa mbaya.

Kustaajabu kunakozungumziwa si kule kwa "ukistaajabu ya Musa". Mwaka 2003 wanasaikolojia Dacher Keltner na Jonathan Haidt waliieleza hisia hii kwa mambo mawili: kukutana na kitu kinachozidi vipimo ulivyozoea, na akili kulazimika kujipanga upya ili kikuingie. Kuna watu wepesi wa hisia hii, na kwa wastani ndio wanaosema wameridhika zaidi na maisha. Bado hapo hatujui kipi kilitangulia. Huenda aliyetulia moyo ndiye anayepata nafasi ya kutazama.

Kwa hiyo jaribio la mtafiti Virginia Sturm na wenzake huko Marekani, la mwaka 2020, lina uzito zaidi. Wazee 52 waligawanywa makundi mawili, wote watembee dakika 15 kila wiki kwa wiki 8. Kundi moja tu liliambiwa litafute ya kustaajabisha. Wote walijipiga picha. Kadiri wiki zilivyopita, watu wa kundi hilo walichukua nafasi ndogo zaidi ndani ya picha zao, na tabasamu zao zikakua. Walieleza pia kupata furaha zaidi wakati wa matembezi.

Dakika 15 ni mwendo wa taratibu tu hapa Mama Ngina, lakini siku ina maana kubwa. Nenda wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa alasiri, na msimu wa kusi mawimbi hupiga mwamba hadi kishindo unakisikia kifuani. Ukienda wakati wa maji mafu, yasiyojaa sana, utaona bahari imelala, nawe utarudi ukidhani mahali hapa pamesifiwa bure. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, basi usitegemee saa ya juzi. Na usishuke kwenye mwamba ulio majimaji, ukutani panatosha.

Kisha mibuyu. Kosa la kawaida ni kuitazama kutoka mbali, ikawa pambo la barabara. Sogea hadi shina lizibe kila kitu, inua uso, hesabu dakika nzima. Katika jaribio moja la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililochapishwa 2015, wanafunzi waliotazama mikalitusi mirefu kwa dakika moja waliokota kalamu nyingi zaidi za mtu aliyeziangusha kuliko waliotazama jengo. Dakika moja tu! Mbuyu hauna haja ya kuonea haya mkalitusi.

Meli haina ahadi, lakini ikitokea ikielekea bandari ya Kilindini, acha kila kitu. Njia ya meli iko karibu mno na ufuo, na mlima ule wa makontena hupita kimya mbele yako.

Jumapili jioni tunasema hapana: umati na muziki vinaivunja hisia hii kabla haijakaa. Ukitaka utulivu kuliko mawimbi ya alasiri, alfajiri ya siku ya kazi ni bora, jua likichomoza baharini mnamo saa kumi na mbili na kitu. Simu iwe mfukoni. Wanaotaka kujipima kama wale wazee wajipige picha tatu tu: mwanzo, katikati na mwisho wa matembezi. Mihogo na madafu viwe baada ya hapo. Mdomo ukiwa na pilipili na ndimu, macho hayana kazi.

Usirudie hapa kila wiki, maana jicho huzoea. Wiki ya pili simama chini ya kuta za Fort Jesus, zilizojengwa kuanzia 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, na utafute mahali ambapo mwamba unaishia na ukuta kuanza. Wiki ya tatu nenda Haller Park, Bamburi, ukatembee chini ya mivinje, ukijua kwamba kabla ya upanzi kuanza 1971 palikuwa machimbo matupu ya mawe ya saruji.