Saa ya kumfundishia mtoto: ununue ipi hapa Kisumu?

Binti yangu wa miaka sita alirudi kutoka shule akijigamba kwamba sasa anajua kusoma saa. Nikamwelekeza ukutani, mshale mfupi ukiwa kwenye 4. "Saa nne!" Nyanya yake, aliyekuwa barazani akichambua omena, akacheka. "Saa nne si ile ya chai ya asubuhi, mjukuu wangu? Hii ni saa kumi."

Mtoto akatuangalia kama watu tuliokula njama dhidi yake. Tangu siku hiyo nimenunua saa tatu na kutengeneza moja, na huu ndio mpangilio wangu, kuanzia ile ambayo ningeinunua tena.

1. Saa ya kawaida ya ukutani. Ile ya betri moja, isiyo na mbwembwe. Yangu niliitoa soko la Kibuye kwa shilingi 450, baada ya kutajiwa 700. Angalia iwe na namba zote 12, si nne tu, wala si za Kirumi. Vistari 60 vya dakika vionekane ukiwa upande wa pili wa chumba. Mshale mfupi uwe mfupi kweli. Zile zenye picha ya maua au ya Familia Takatifu, namba zikiwa za dhahabu juu ya dhahabu, waachie sebule za wageni.

Jambo moja wauzaji hawatakwambia: chagua saa ambayo mshale wake mfupi una mkia, yaani kipande kinachochomoza upande wa pili wa kitovu. Saa za Kiswahili tunazihesabu tangu macheo, na kwa kuwa ikweta inapita hapo Maseno, macheo yetu hayasogei sana mwaka mzima. Ndiyo maana mshale ukiwa kwenye 7 asubuhi tunasema saa moja. Sasa tazama uso wa saa: inayotazamana na 7 ni 1. Inayotazamana na 4 ni 10. Tofauti ni saa sita daima, nusu ya mzunguko. Kwa hiyo nilimwambia binti yangu kichwa cha mshale kinasema Kiingereza, mkia unasema Kiswahili. Alielewa kabla sijamaliza uji wangu. Mkumbushe tu kwamba mchezo huu ni wa mshale mfupi peke yake, dakika hazigeuki.

2. Ya kutengeneza nyumbani. Kifuniko cha ndoo, mishale ya katoni, pini ya kupasua katikati. Gharama yake ni kalamu ya wino mzito. Andika namba za kawaida kwa rangi moja na za Kiswahili kwa ndani kwa rangi nyingine. Udhaifu wake ni kwamba mishale haishikani, ukisogeza mmoja mwingine unabaki palepale.

3. Saa ya mbao au plastiki ya kufundishia. Utaipata kwenye maduka ya vitabu mjini, au kwenye marundo ya vichezeo vya mitumba. Ina rangi za kuvutia, ila nyingi zina ugonjwa uleule wa kifuniko cha ndoo, na hii umeilipia. Ijaribu hapo hapo dukani: zungusha mshale mrefu kutoka 12 hadi 6. Ule mfupi ukisogea wenyewe nusu ya njia kwenda namba inayofuata, ndani kuna meno, na saa hiyo ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza. Usiposogea, mtoto atazoea "saa tatu na nusu" mshale mfupi ukiwa umekaa 9 kamili, kisha siku akiona saa ya kweli inayosema saa kumi kasorobo, mshale ukikaribia 4, atakwambia ni saa kumi na dakika arobaini na tano.

4. Saa ya mkono. Ingoje hadi asome ya ukutani bila kubahatisha. Uso wake ni mdogo, na nyingi za watoto hutumia betri ya kifungo. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili, hivyo kifuniko cha nyuma kiwe cha skrubu.

5. Ya dijitali. Inaonyesha 16:00 naye anasoma "kumi na sita". Hajajifunza chochote.

Yoyote utakayochukua, mwambie muuzaji aitie betri uiangalie ikizunguka dakika mbili tatu. Betri ikianza kuchoka, mshale wa sekunde hutetemeka karibu na 9, ukishindwa kupanda. Kwetu siku hizi binti ndiye anayeuona kwanza, na huja mbio kudai pesa ya betri, na ya mandazi juu yake.