FastQC: iko poa, ila usitishwe na ile X nyekundu

Nimetumia FastQC, programu ya kukagua ubora wa data ya DNA ama RNA iliyosomwa na mashine, kama miaka miwili hapa Nairobi, kwa laptopu ya RAM 4GB ambayo ukifungua tabu kumi inaanza kuhema kama mtu amepanda ngazi na mtungi wa gesi, na bado haijawahi kunikwamia. Ni ya bure, imetoka Babraham Institute kule Uingereza tangu 2010, inataka tu Java. Ukishaipakua hauhitaji bando tena, unaipa faili ya FASTQ (ile yenye herufi za DNA na skoa ya ubora ya kila herufi) hata kama imezipiwa, unaenda zako chai na mandazi, ukirudi ripoti iko tayari.

Grafu ya ubora ndiyo mi huangalia kwanza. Skoa 30 ni kosa moja kwa herufi 1000, 20 ni moja kwa 100, na kawaida mstari unaanza juu halafu unashuka mwishoni, hiyo isikutishe.

Sasa shida. Inakupa tiki ya kijani, alama ya machungwa ama X nyekundu, na hivyo vipimo viliwekwa vikifikiria mtu aliyesoma genomu nzima, yaani DNA yote ya kiumbe. Mi nilikuwa na RNA ya majani ya kunde, nikaona X kwa mpangilio wa herufi, zile kumi za mwanzo A C G T zimevurugana vibaya, nikamwandikia prof data imeharibika turudie, na kurudia ni pesa jamani! Dada mmoja wa pale maabara akanicheka sana, akaniambia hizo ni praima za kubahatisha (vipande vifupi vya kuanzishia kunakili RNA), RNA karibu zote hutoka hivyo, futa hiyo meseji. Prof alikuwa ameshasoma. Hata ile X ya nakala zinazojirudia ni vilevile, jeni inayofanya kazi sana lazima ijirudie.

Halafu inakuonyesha uchafu lakini haifagii, adapta (vipande vya DNA vinavyobandikwa maabara kabla ya kusoma) utazitoa mwenyewe na programu kama fastp ama Trimmomatic. Na kama uko na sampuli 48 usifungue ripoti moja moja, weka MultiQC, programu nyingine, izikusanye pamoja.

Kitu iliniuma zaidi, sampuli moja ilikuwa mbovu kweli, grafu ya GC (asilimia ya herufi G na C) ina vilima viwili badala ya kimoja, FastQC ikaipa alama ya machungwa tu nikapita nayo. Nilikuja kupeleka vipande vichache BLAST (inalinganisha herufi zako na za viumbe vinavyojulikana) wiki mbili baadaye, bakteria watupu.