Crash Landing on You: nimeimaliza, sasa niseme

Mdogo wangu amenisumbua na tamthilia hii ya Korea Kusini miaka mitatu. Kila nikisema sina cha kuangalia, jibu ni lile lile: "Dada, bado hujaiona ya yule mwigizaji Hyun Bin?" Nilikuwa nabisha tu. Kitu kikisifiwa na kila mtu, mimi hukinunia. Mwezi uliopita mafua yakanilaza siku nne, ubishi ukaniisha.

Kisa chenyewe ukisimuliwa utacheka. Yoon Se-ri, binti wa tajiri wa Seoul mwenye kampuni yake mwenyewe, anaruka kwa parachuti, kimbunga kinamzoa na kumtundika juu ya mti Korea Kaskazini. Chini ya mti yupo kapteni wa jeshi, Ri Jeong-hyeok, na bila shaka ana sura ya Hyun Bin. Sehemu mbili za mwanzo zimejaa mbio na mabomu ya ardhini. Nilikaribia kuzima.

Halafu tukaingia kijijini, na hapo ndipo nilipopoteza usingizi. Kapteni anamficha Se-ri nyumbani kwake, katikati ya wake za maofisa ambao hakuna kinachowapita. Kuna Wol-suk, ambaye kwetu tungemwita mjumbe wa nyumba kumi: anajua nani kapika nini na nani kalala kwa nani. Kuna Young-ae, mke wa mkubwa, ambaye wenzake wanamsifia hata asipostahili. Wanasengenyana, wanasaidiana, wanatengeneza kimchi (kabichi ya kuchachusha) ya majira ya baridi pamoja huku wakichunguzana. Hawa nawafahamu! Nimekulia katikati yao, tofauti ni lugha tu.

Treni ya kwenda Pyongyang nayo inakwama porini usiku kwa kukosa umeme. Abiria hawashangai. Wanashuka, wanawasha moto, na wachuuzi wanatokea gizani na vyakula. Aliyewahi kulala njiani kwa sababu ya gari bovu ataipenda sehemu hiyo kuliko busu lolote. Matukio ya treni waliyapiga Mongolia, lakini maisha yenyewe hayana harufu ya kubuni, maana kwenye timu ya uandishi alikuwemo Kwak Moon-wan, aliyetoroka Kaskazini. Mwandishi mkuu, Park Ji-eun, alijua pa kuuliza.

Wale askari wanne wa kapteni ndio chumvi ya kitu chote. Mmoja wao, Ju-meok, anaangalia tamthilia za Kusini kwa siri, kisha anawatafsiria wenzake mambo ya mapenzi kama shehe wa fatwa.

Sasa lawama. Hadithi ikihamia Seoul, inapwaya. Adui anavuka mpaka kirahisi mno, watu wanapigwa risasi, hospitali haiishi, na kila ukigeuka kuna mtu anakula kuku wa kukaanga kwenye mgahawa ule ule. Tangazo la biashara halijajificha hata kidogo. Pia ile ya wawili hawa kuwa walishapishana Uswisi zamani bila kujuana, mimi imenishinda. Mara moja ningeikubali. Wakairudia mpaka nikahesabu. Lakini ndiyo iliyowapeleka mashabiki Iseltwald kando ya ziwa Brienz, kwenye gati kapteni alipopigia piano, hadi kijiji kikaanza kutoza faranga 5 kwa anayetaka kupiga picha pale.

Je, inastahili makelele yote yale? Sehemu ya mwisho, tarehe 16 Februari 2020, ilifikisha utazamaji wa asilimia 21.7 huko kwao, rekodi ya kituo cha tvN wakati ule. Kwangu sehemu tisa za kwanza zinastahili kabisa. Zilizobaki nilizifuata kwa ajili ya Seo Dan, mchumba wa kapteni, aliyeachwa kwenye mataa, na tapeli wake Seung-jun. Waandishi, kwa waliyomfanyia Seung-jun, sijawasamehe. Kuhusu wapenzi wakuu, Hyun Bin na Son Ye-jin walifunga ndoa ya kweli Machi 2022, kwa hiyo waliosema "wale hawaigizi" hawakukosea sana.

Tahadhari ya bando: ni sehemu 16, karibu zote zinapita saa nzima, na ya mwisho inakaribia saa mbili.

Mdogo wangu ameshaniletea nyingine. Nimemwambia asubiri, narudia ile ya kimchi.