Kifurushi cha kuchunguzia UFO: kilichonifaa na kilichonipotezea muda

Kwenye tangazo, kifurushi hiki kinauzwa kama mtego wa kunasia UFO, yaani vitu visivyotambulika angani. Ndani ya boksi mna kamera ya anga nzima yenye lenzi ya jicho la samaki, kipande cha plastiki cha kupasulia mwanga, antena ya kupokea ishara za ndege, magnetometa (kipima nguvu ya sumaku), na kompyuta ndogo inayorekodi yote hayo usiku kucha. Nimekaa nacho vya kutosha kuzijua tabia zake, na niseme mapema: hakijanasa mgeni yeyote kutoka sayari nyingine. Kimenasa ndege, setelaiti, vimondo, popo na wadudu, tena wadudu wengi ajabu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake hasa. Kinafaa pale kinapoweza kukuambia haraka ulichokiona ni nini, ili kisichotambulika kibaki peke yake.

Kinachoongoza kwa thamani ni kile kiplastiki, ingawa kwenye tangazo kimetajwa mwishoni kabisa. Kina mistari 500 katika kila milimita. Ukikiweka mbele ya lenzi, kila nukta ya mwanga inapata mkia wa rangi pembeni, na mkia huo ndio unaosema. Taa ya sodiamu inatoa mstari mkali wa njano kwenye nanomita 589 za urefu wa wimbi. Taa nyeupe ya LED inaonyesha doa la buluu karibu na nanomita 450, kisha sehemu iliyofifia, halafu kijani hadi nyekundu vimeungana. Sayari na setelaiti zinaakisi mwanga wa jua, kwa hiyo mkia wake ni utepe mmoja usiokatika.

Kuna nuru iliyokuwa ikichezacheza chini karibu na upeo wa macho: nyekundu, kijani, nyeupe, nyekundu tena. Kwa macho matupu ungeapa ni chombo kimesimama hewani kinawasha taa zake. Kwenye video ukatoka utepe mzima wa rangi, na juu yake vivuli vyembamba vikitembea kutoka ncha moja hadi nyingine, rangi hii ikizimika na ile ikiwaka. Ilikuwa nyota ya Sirius tu; hewa nzito ya karibu na ardhi ndiyo iliyokuwa ikiuchezea mwanga wake. Nilibishana na watu wawili watatu kuhusu nuru hiyo kabla ya kuwaonyesha video, na baada ya kuiona hakuna aliyeendelea kubisha.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1984, Erling Strand na wenzake walipopiga kambi kwenye bonde la Hessdalen, Norwe, kuchunguza mianga iliyokuwa ikionekana huko, walikuwa na kamera zenye vipasua mwanga vya namna hii, pamoja na rada, magnetometa na leza. Mwaka 1998 bonde hilo likawekewa kituo kinachojirekodia chenyewe. Mianga ya Hessdalen inabishaniwa mpaka leo, lakini angalau wanaobishana wana data mbele yao.

Antena nayo inastahili sifa. Inasikiliza masafa ya megahezi 1,090, ambako ndege za abiria hutangaza namba, kimo na mahali zilipo. Programu inachora njia ya kila ndege juu ya picha ya kamera, na hapo sehemu kubwa ya “maajabu” inakwisha. Ila usiifanye hakimu. Ndege za kijeshi zinaweza kunyamaza, na droni nyingi ndogo na maputo havitangazi chochote kwenye masafa hayo. Antena ikikaa kimya, ujue tu kwamba hakuna aliyejitangaza.

Sasa lawama. Saa ya kompyuta hii inategemea intaneti, na mtandao ukikatika inaanza kuchelewa polepole bila kutoa onyo lolote. Mtu anaweza kuona sekunde chache si kitu. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa inapita mita 250 kila sekunde. Saa ikichelewa sekunde nne, ndege na nuru yako zimeachana kilomita nzima, na programu inakuandikia kwa herufi nyekundu kwamba kitu hakitambuliki. Kituo cha Anga cha Kimataifa ndicho balaa zaidi, maana kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Nilifunga kipokezi kidogo cha GPS kwa ajili ya saa peke yake, na arifa nyekundu zikapungua sana. Mtengenezaji angeweza kukiweka tangu kiwandani.

Taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) iliyozunguka lenzi izime siku hiyo hiyo unayofungua boksi. Inamulika kila mdudu anayepita karibu, naye kwa kuwa kamera inachelewa kufunga, anachorwa kama fimbo ndefu yenye mapezi pande zote mbili. Picha za namna hiyo zimewahi kuuzwa kama viumbe wa ajabu. Ni mbawa zilizopigwa mara kadhaa ndani ya picha moja, basi.

Magnetometa inapendeza kwenye skrini, grafu inapanda na kushuka kutwa nzima. Nguvu ya sumaku ya dunia ni kati ya nanotesla 25,000 na 65,000 kutegemea ulipo, na gari likipita karibu linatosha kuitikisa sensa hii. Wenye vituo vya kweli huitenga mbali na chuma na nyaya. Hii imefungwa kwenye boksi moja na kompyuta, sentimita chache kutoka kwenye feni!

Kilichokosekana ni kamera ya pili. Kamera moja haiwezi kukuambia kitu kiko mbali kiasi gani, na bila umbali hujui ukubwa wala mwendo. Mbili zikiachana kilomita moja, mahali kinapoonekana kitu kilicho umbali wa kilomita 10 patatofautiana kati yake kwa karibu digrii 6, tofauti ambayo lenzi hii inaipima bila shida. Na mdudu anaonekana kwenye moja tu. Jopo la NASA kuhusu UFO lililotoa ripoti yake mwaka 2023 lililalamikia mambo haya haya: sensa zisizosawazishwa, vipimo vichache mno, kumbukumbu pungufu za picha ilivyopigwa. Kati ya taarifa 12,618 za UFO zilizokusanywa na mradi wa Blue Book wa Jeshi la Anga la Marekani, 701 ziliishia bila maelezo.

Nami ninalo faili langu la namna hiyo. Nuru moja ilikata pembeni mwa picha, mkia wake wa rangi ukaangukia nje ya fremu. Antena kimya, saa sahihi. Nimeliandika “data haitoshi” na sitalibadilisha.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiagiza, mwombe muuzaji aondoe magnetometa akupe kamera ya pili. Wangu alikubali nilipomwomba, ila nililipa tofauti ya bei.